Dereva akikuumiza barabarani, usitoke kituoni bila nambari ya OB

Mara ya mwisho dereva kukutukana ilikuwa lini? Kama wewe ni kijana unayeishi Nairobi, Mombasa, Kisumu ama Nakuru, na bado hujanunua gari lako, huenda jibu ni wiki hii. Umeshikilia chuma cha kiti cha mbele huku matatu ikipanda kando ya barabara kukwepa jamu. Umeruka mtaroni kwa sababu nduthi imekuja kasi kwenye njia ya miguu, na mwenye kuiendesha akakupigia honi kana kwamba wewe ndiwe uliyepotea njia. Umemwambia dere apunguze mwendo, makanga akakujibu, "Ukitaka pole pole shuka ununue yako."

Gari zima likacheka. Ukanyamaza.

Na hata kama hungenyamaza, ungeenda kwa nani? Kila mtu hulalamika kuhusu madereva wakali. Wachache huzungumzia kinachofuata: ile safari ya kwenda kituo cha polisi, kungoja kwenye benchi, kuambiwa uende kituo kingine, na kurudi nyumbani mikono mitupu. Leo tuongee kuhusu safari hiyo, na jinsi ya kuimaliza bila kuchezewa.

Watu 13 kwa siku

Tuanze na hesabu, maana kuna watu watakuambia unadeka. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, ambayo wengi tunaijua kama NTSA, iliandikisha vifo 4,324 vya barabarani mwaka wa 2023. Mwaka wa 2024 vikapanda hadi 4,748. Ukigawanya vya 2024 kwa siku za mwaka, unapata karibu watu 13 kila siku. Ni kama matatu ya abiria 14 itoke steji kila asubuhi na isifike.

Wanaokufa zaidi si wenye magari. Kundi kubwa zaidi kwenye orodha hiyo ni la wanaotembea kwa miguu, kisha wanaofuata ni watu wa pikipiki. Yaani wewe unayevuka Thika Road ukienda chuo, na wewe unayepanda nduthi kwa sababu umechelewa kwa mahojiano ya kazi. Na nyuma ya kila aliyekufa kuna wengine waliovunjika miguu, waliopoteza vibarua, ama wanaoogopa kuvuka barabara hadi leo. Wengi wa hao hawakuwahi kupiga ripoti popote.

Kwa nini dere ana haraka hivyo

Matatu nyingi huendeshwa kwa hesabu. Mwenye gari anataka kiasi fulani cha pesa kila jioni, awe dereva amepata abiria au amekosa. Toa pesa za mafuta, za steji, za kamagera wanaojaza gari, za kuosha gari, na ile "chai" ya barabarani. Kinachobaki ndicho mshahara wa dere na makanga wake. Wengi hawana barua ya kazi. Wengine ni skwodi, yaani wanapewa gari kwa raundi chache dereva mwenyewe akipumzika, na hao ndio huwa na haraka kuliko wote.

Kwa hivyo kila dakika kwenye jamu ni pesa inayotoka mfukoni mwake. Akipanda kando ya barabara na kuokoa dakika 20, amejipatia raundi nyingine. Akishikwa, anajua ni kiasi gani kitamtoa. Kwake yeye kuvunja sheria ni gharama ya biashara, kama mafuta.

Hilo halimpi ruhusa ya kucheza na maisha yako. Linaeleza tu kwa nini kumwomba "pole pole bana" hakubadilishi kitu. Anayefanya kosa liwe rahisi ni mwenye gari anayetaka hesabu isiyowezekana, sacco inayojifanya haioni, na askari anayepokea noti. Malalamishi yako yakiishia kwa makanga, wote hao watatu hawajasikia chochote.

Na tusiwaonee watu wa matatu peke yao. Umeona pia yale magari makubwa yenye vioo vyeusi yanayowasha ving'ora bila dharura yoyote ili kila mtu ayapishe. Umeona mwenye gari dogo akishuka na rungu kwa sababu ya kioo cha pembeni kilichokwaruzwa. Ukali barabarani hauna daraja. Tofauti ni kwamba wewe unayetembea kwa miguu huna bati la kukukinga.

Sheria tunazo, tena kali

Kuna watu huongea kana kwamba Kenya haina sheria za barabarani. Mwaka wa 2003, marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alichapisha kanuni ambazo hadi leo zinabeba jina lake. Zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu nyingi zilitoweka barabarani na watu wakatembea kwenda kazini. Zilizorudi zilikuwa na mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ukanda wa manjano ubavuni. Dereva alivaa buluu, makanga akavaa damu ya mzee. Waulize wazazi wako. Watakuambia kuna wakati makanga alikuwa anakuomba ufunge mkanda, tena kwa adabu.

Mwaka wa 2012 Bunge lilibadilisha Sheria ya Trafiki kupitia mswada wa marehemu Jakoyo Midiwo, aliyekuwa mbunge wa Gem. Adhabu zikapandishwa. Kuendesha gari kwenye njia ya wanaotembea kwa miguu kukawa na faini ya hadi Sh30,000 au kifungo cha hadi miezi 3 kwa kosa la kwanza. Anayeendesha kwa njia ya hatari anaweza kutozwa hadi Sh100,000 au kufungwa hadi miaka 2, pia kwa kosa la kwanza. Akisababisha kifo, kifungo kinaweza kufika miaka 10.

Kuna jambo lingine katika sheria hiyo ambalo kila abiria anafaa kulijua. Dereva akihusika katika ajali lazima asimame. Lazima atoe jina lake, anwani yake na jina la mwenye gari kwa mtu yeyote aliye na sababu ya kuuliza. Asipofanya hivyo papo hapo, lazima apige ripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, na saa 24 zisipite. Kwa hivyo yule aliyekugonga kisha akaenda zake amefanya kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Mwaka huo huo wa 2012 sheria ya kuunda NTSA ilipitishwa. Kanuni za 2014 nazo zikalazimisha matatu ziwe chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Liweke hilo akilini, kwa sababu jina la sacco lililoandikwa ubavuni mwa gari ni mlango mwingine unaoweza kuubisha.

Sheria, basi, si tatizo. Tatizo ni nani ataandika kosa lako kwenye kitabu.

Siku tatu za kutafuta mstari mmoja

Jirani yangu mmoja, msichana wa miaka 22 anayefanya kazi kwenye duka la simu mjini, amelijua hilo kwa njia ngumu. Jioni moja Outering Road, matatu ilipanda njia ya miguu kukwepa jamu. Kioo cha pembeni kikampiga kwenye kiwiko, akaanguka. Dere hakusimama. Makanga alichungulia mlangoni akapaza sauti, "Angalia mbele, siz!" wakaenda zao. Mama mboga aliyekuwa hapo kando ndiye aliyeandika nambari ya gari kwenye kipande cha gazeti la kufungia nyanya.

Usiku huo, mkono ukiwa umevimba, alienda kituo cha kwanza. Afisa aliyekuwa mezani akamwambia, "Dada yangu, hiyo ni mambo ya trafiki. Sisi hapa hatushughuliki na trafiki." Kesho yake, badala ya kwenda kazini, akaenda kwa askari wa trafiki. Wakamwuliza ni upande gani wa barabara. Akaeleza. "Ah, huo upande ni wa wenzetu." Akapanda gari lingine, nauli nyingine. Kituo cha tatu afisa alikuwa mpole, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema gari la kituo halina mafuta, na kama anaijua steji ya hiyo matatu, aende awaambie wenyewe waje.

Fikiria hapo. Msichana aliyefungwa mkono kwa leso anatumwa akamlete dereva aliyemgonga.

Alienda, akiwa na kakake. Pale steji watu wa sacco wakampa Sh2,000 "ya dawa" ili maneno yaishe. Mmoja akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ushauri mzuri, kwamba gari hilo lina mwenyewe mkubwa, na hao polisi anaowategemea wanamjua. Labda ilikuwa kweli, labda ilikuwa kitisho cha bure. Hakuwa na njia ya kujua, na ndiyo maana maneno hayo yalimkosesha usingizi.

Zile pesa alizikataa. Siku ya tatu akarudi kituo kile cha tatu, akaomba kumwona OCS. Hakupiga kelele. Alisema, "Afande, mimi nataka tu nambari ya OB. Kama haiwezekani, naomba jina la afisa aliyesema haiwezekani, niandike." Haikuchukua dakika kumi. Ripoti ikaandikwa, akapewa fomu ya P3 aipeleke hospitalini.

Sacco ilipopokea barua yenye nambari ya OB na nakala ya P3, ililipa gharama ya matibabu, na dereva huyo akaondolewa kwenye gari. Kesi yenyewe haijafika kortini. Msichana alipoteza mshahara wa siku tatu na karibu Sh1,500 za nauli na simu. Ukimwuliza kama alishinda, anakujibu, "Nusu." Lakini hiyo nusu ilianza na mstari mmoja kwenye kitabu, na ilimchukua vituo vitatu kuupata.

Kwa nini wanakurusha huku na kule

Usidhani kila afisa anayekurudisha amehongwa. Wengine wanakwepa kazi, na ukiijua hiyo kazi utajua pia jinsi ya kumrahisishia.

Ripoti ya ajali ikishaingia kwenye kitabu, lazima mtu aichunguze. Lazima gari litafutwe, likaguliwe, mchoro wa mahali pa tukio uchorwe, mashahidi waandikishe taarifa, na afisa aende kortini kutoa ushahidi, pengine mara kadhaa kwa miaka miwili. Katikati ya hayo mlalamishi mara nyingi hutoweka. Ameshalipwa kitu na mwenye gari, hapokei simu tena, na afisa amebaki na faili isiyo na shahidi. Afisa aliyeona hayo mara kumi huanza kumkagua kila anayeingia: huyu atarudi kweli?

Pia kuna mgawanyo wa kazi. Askari wa trafiki wana makao yao na maeneo yao, na wenzao wa kituo wana yao. Wewe raia hujui mipaka hiyo, na hupaswi kuijua. Lakini mipaka ndiyo kisingizio rahisi zaidi cha kukusukuma kwa mwingine.

Halafu kuna ufisadi wenyewe. Sote tumeona noti ikipita kutoka mkono wa makanga hadi mkono wa askari kwenye kizuizi, mchana peupe. Askari aliyepokea asubuhi hawezi kumkamata mtu yule yule jioni. Katiba, katika Kifungu cha 244, inawataka polisi wajitahidi kuwa na weledi na nidhamu ya hali ya juu, na wazuie ufisadi. Sheria ya Hongo ya 2016 inamwadhibu anayetoa na anayepokea. Ukiwa na hayo kichwani, hutaona kama unaomba msaada unapoingia kituoni. Umekuja kuchukua huduma yako.

Video ilipowaamsha wakubwa

Machi 2022, wahudumu wa bodaboda walimzingira mwanamke aliyekuwa kwenye gari lake katika Barabara ya Wangari Maathai, Nairobi, ile wazee bado wanaiita Forest Road, wakamdhulumu. Alikuwa mwanadiplomasia. Mtu alirekodi, video ikasambaa kila mahali. Ndani ya siku chache washukiwa walikuwa wameshikwa, na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaamuru sekta nzima ya bodaboda isafishwe. Msako ukafuata, pikipiki zikajaa vituoni, na vijana wengi ambao hata hawakuwa karibu na mahali hapo wakapoteza riziki. Baadaye msako ukapoa.

Tuna mambo mawili ya kujifunza hapo. Kwanza, polisi wakitaka, wanaweza. Hakuna aliyesema gari halina mafuta. Pili, kilichowasukuma ni ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuukana, na macho ya nchi nzima. Binti wa kawaida anayedhulumiwa usiku steji ya mwisho hana ubalozi wa kumpigania. Kwa hivyo lazima ajenge ushahidi wake mwenyewe. Na msako wa wiki moja unaokamata kila mwenye kofia ya pikipiki hauwezi kuchukua nafasi ya afisa mmoja anayeandika ripoti kila siku.

Fanya hivi

Kwanza, okoa maisha yako. Usishindane na dereva aliyepandwa na hasira, usimpige picha ukimwekea simu usoni, usishuke gizani mahali usipopajua ili tu kumwonyesha kwamba una msimamo. Kama uko ndani ya gari na mambo yamechacha, ongea na abiria wenzako. Sauti moja huchekwa, lakini watu watano wakisema "Dere, simamisha hapa tushuke," makanga huanza kufikiria nauli. Shuka penye watu na taa. Kukiwa na hatari ya papo hapo, piga 999 au 112.

Pili, andika nambari ya gari. Usiniambie "ni ile nganya ya rangi ya zambarau yenye picha ya mwanamuziki." Michoro hubadilishwa kila mara, na kituoni hakuna daftari la majina ya nganya. Andika nambari ya usajili, jina la sacco, saa, mahali na upande gari lilikokuwa linaelekea. Iandike kwenye simu mara moja, ama ujitumie kama ujumbe ili saa ibaki hapo. Kama ulilipa nauli kwa M-Pesa, usifute ujumbe huo. Unaonyesha ulikuwa ndani ya gari, siku gani na saa ngapi.

Tatu, ukirekodi video, ihifadhi kama ilivyo. Usiikate, usiiwekee muziki, na usibaki na nakala ya mtandaoni pekee. Mahakama hukubali ushahidi wa kielektroniki, ila utahitaji cheti cha kueleza ulirekodiwa na kifaa gani na vipi. Video asili ikiwa kwenye simu yako, hilo ni jambo dogo. Chukua pia nambari za simu za mashahidi wawili. Mama mboga, mlinzi wa lango, kijana wa duka, hao ndio huwa hapo kila siku.

Nne, kama umeumia, nenda hospitalini na utunze kila karatasi. Kisha nenda kituo kilicho karibu zaidi na mahali tukio lilipotokea, hapo umeshafunga mlango wa "si eneo letu." Nenda na mtu mmoja. Eleza kwa ufupi: lini, wapi, gari gani, lilifanya nini, uliumia vipi. Omba ripoti iandikwe kwenye kitabu cha matukio, na usiondoke bila nambari ya OB. Omba fomu ya P3 kama una majeraha, na baadaye hati ya polisi, ile tunaiita abstrakti. Kupiga ripoti hakulipiwi, na polisi hawapaswi kukudai pesa kwa karatasi hizo mbili.

Tano, ukikataliwa, panda ngazi. Omba kumwona OCS. Andika jina la afisa au nambari yake ya kazi, siku na saa. Kama OCS naye anakuzungusha, nenda kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Ikishindikana, kuna Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Inapokea malalamishi bila malipo kupitia nambari 1559 na katika afisi zake, zikiwemo za Mombasa, Kisumu na Garissa. Polisi wenyewe wana Kitengo cha Masuala ya Ndani kinachochunguza maafisa wao. Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ombudsman, nayo hushughulikia watu wanaozungushwa na afisi za umma. Ukiwa na jina, siku na saa, lalamishi lako lina uzito. Ukiwa na "polisi ni wabaya" peke yake, halina pa kuanzia.

Sita, bisha milango mingine wakati huo huo. Iandikie sacco barua, uweke nambari ya OB, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Peleka lalamishi lingine NTSA, wao ndio wanaotoa na kusimamisha leseni za magari ya abiria.

Saba, kumbuka fidia. Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima inayowalinda watu wengine, na hati ya polisi huonyesha bima ya gari lililokugonga. Kesi ya kudai fidia ya majeraha inafaa kufunguliwa kabla ya miaka 3 kuisha. Kama ni mali iliyoharibika, tuseme kipakatalishi au pikipiki yako ya kazi, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili.

Ukipewa pesa pale steji ili mambo yaishe, ni haki yako kuamua. Lakini jiulize kwanza: nimeshapimwa? Mkono unaouma leo unaweza kuwa na ufa utakaoonekana kwenye picha wiki ijayo, na ile Sh2,000 haitalipa hata picha yenyewe na dawa. Kama mnasikizana, sikizaneni baada ya hospitali na baada ya OB, kwa maandishi.

Na wewe uliye kwenye usukani

Wengi mnaosoma haya mnaendesha nduthi. Wengine mko kwenye matatu, ama mmeanza juzi tu kuendesha gari la mzazi. Najua mwenye pikipiki anataka pesa zake jioni, na najua askari wa kwenye mzunguko hatakuuliza umekula nini. Lakini ukipanda njia ya miguu, unayemtisha pale ni mamako akitoka sokoni, ama mdogo wako akitoka shule. Na siku utakayomwangusha mtu, usitoroke. Simama, toa jina lako, mpeleke hospitalini, piga ripoti. Sheria inakutaka ufanye hivyo, na anayebaki mahali pa tukio huwa na maelezo ya kutoa. Anayetoroka hutafutwa kama mhalifu, mara nyingine na umati kabla ya polisi.

Ukiwa makanga, nawe una uwezo kuliko unavyofikiri. Wewe ndiwe unayemgongea dere bati aondoke ama asimame. Neno lako moja, "Buda, hapana, tungoje hii jamu," linaweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa na miguu yote miwili.

Kuhusu sisi abiria, kuna jambo moja dogo tunaloweza kulifanya kuanzia kesho bila kungoja Bunge wala waziri. Mtu akimwambia dereva apunguze mwendo, usicheke. Sema, "Ni kweli, punguza." Na ukimwona mtu ameangushwa, kabla hujatoa simu kurekodi anavyolia, soma nambari ya gari linaloondoka na umwandikie. Huenda hicho kipande cha karatasi ndicho kitu pekee atakachokuwa nacho mkononi atakapofika mbele ya meza ya polisi.